Kiti cha Heshima

Nyie mnamjua mtu anayechapa bila kuangalia vidole, huku anakuuliza watoto hawajambo? Basi huyo ndiye Bi Chapa, mpiga chapa wa ofisi ya ardhi, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Ni mfupi, mcheshi, na kuchapa kwake ni raha, si kazi.

Alipopanda cheo, bosi alimrithisha kiti chake mwenyewe: cheusi, cha ngozi, mgongo mrefu. Ofisi ile viti hufuata vyeo, kwa hiyo Bi Chapa alipigiwa makofi. Ila kiti kile kilikuwa kimekwama juu, hakishuki tena, na miguu yake ikabaki inaning'inia. Haikupita miezi mitatu, kifundo cha mkono kikawa kinawaka moto, bega limekaza, na barua zimejaa makosa.

Bosi akamwita. "Bibie, nikuhamishie masjala upumzike?"

Masjala ni kupanga mafaili tu, hakuna kuchapa. Bi Chapa akaomba wiki mbili za kujirekebisha, kisha akajifungia chooni akalia.

Jumatatu mumewe, fundi cherehani mstaafu, akampelekea miwani aliyoisahau nyumbani. Kufika mlangoni, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, umekaa kama mtoto kwa kinyozi!"

"Baba, usinitie aibu mbele za watu."

"Aibu ni hayo mabega, yamefika masikioni. Shuka!"

"Kiti cha heshima hiki! Watasema nimeshushwa cheo."

"Waseme. Utawajibu kwa barua, tena uichape mwenyewe."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, naye Bi Chapa akajikuta anacheka. Akashuka.

Mzee akatoa futi yake ya kushonea mfukoni. Akampima kutoka sakafuni hadi gotini, kisha akazunguka akipima viti vyote. "Nimewakatia watu suruali miaka thelathini," akasema, "goti linapokunjikia napajua."

Kilichofaa kilikuwa kiti cha mapokezi, kidogo, kisicho na mikono. Bi Chapa alipokaa, nyayo zikatua sakafuni, viwiko vikalingana na meza. Skrini wakaiinua kwa maboksi mawili ya karatasi, shingo ikanyooka.

"Na kila nusu saa unyanyuke ukasalimie watu," mzee akaagiza.

"Hilo hata usinifundishe!"

Mkono ukapoa taratibu. Wiki ya pili ilipokwisha, bosi akamletea asubuhi ripoti ya kurasa kumi na tano aichape. Saa tisa alasiri ilikuwa mezani kwa bosi, imechapwa. Akaisoma yote akiwa na kalamu nyekundu mkononi, asipate pa kuitumia.

"Masjala watatafuta mtu mwingine," akasema.

Bi Chapa akapiga kigelegele, mpaka watu wa chumba cha pili wakachungulia kuuliza nani kaolewa.

Bosi akasubiri watulie, akafunga mlango, akashusha sauti. "Bibie, mzee wako kesho ana nafasi? Maana kiuno changu nacho, we acha tu."