Mpera wa Mpangaji

Kila nikinusa pera lililoiva, katika mji wowote ninaopita, narudi kwenye ploti tuliyopanga chumba Kibera, nimeshika sketi ya mama. Mzee mwenye nyumba alikuwa ameung'oa mpera tuliopanda kando ya mlango.

“Mama,” alimwambia, “mpangaji hapandi mti hapa. Kesho utasema ploti ni yako.”

Mama aliuokota, akaikung'uta mizizi juu ya viatu vya yule mzee. “Udongo wako huo. Mti ni wangu.”

“Basi hama nao!”

Aliupanda kwenye debe bovu la mafuta. Mwisho wa mwezi tulihamia Kawangware. Kitanda kilibaki kikingoja mkokoteni, lakini debe lilitangulia kichwani mwa mama, mpera una majani mapya mawili, na alipita makusudi mbele ya mlango wa mwenye nyumba, polepole.