Masikio ya Bi Siwema Yalipojaa

Miaka ile ya mashamba ya ujamaa, mtaani Gongoni mjini Tabora, ndoa iliyoyumba ilipelekwa kwa Bi Siwema kama baiskeli iliyopinda inavyopelekwa kwa fundi. Alikuwa kungwi, waliyemwita somo, na kila aliyemfunda, hata na mumewe, alijiona ana haki ya kuingia kwake na malalamiko yake hata bibi wa watu akiwa na tonge mkononi. Walimwaga yao, wakaondoka wepesi. Juma lililofuata walirudi na yale yale, ushauri hawajaugusa.

Siku moja alimfunda mwali tangu alfajiri. Mwali alipotoka tu, akaingia Mfaume, mshona viatu, kusema mkewe Swaumu amemnunia. Bi Siwema alimsikiliza kope zikimwangukia, na mdomo ukaendelea na somo la mwali:

“Akirudi mpokee mzigo. Mwoshe miguu, mfukizie udi, usimwulize katoka wapi.”

Mfaume alikodoa macho, lakini neno la kungwi halipingwi.

Jioni Swaumu akaja mbio, jembe bado begani. “Shikamoo, somo! Mume wangu kachanganyikiwa, au kaoa mwingine! Kaniosha miguu!”

“Marahaba… Kakuosha nini?”

Ndipo Bi Siwema alipotambua alichofanya. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio.

“Nimechoka, mwanangu. Masikio yamejaa. Hata ndotoni nasuluhisha.”

Swaumu akaweka jembe chini. “Sisi tunatua mizigo kwako, somo. Wewe unatua wapi?”

Bi Siwema akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Hakuwahi kuulizwa.

Swaumu akawapitia wenzake nyumba kwa nyumba: mtu asiende kwa somo saa ya chakula, asirudi kabla hajajaribu alichoambiwa, na kabla ya kufungua yake amwulize mama wa watu ameamkaje. Bi Siwema naye akajifunza kusema, “Leo basi.” Alhamisi akawa anakwenda Isevya kwa Bi Zamda, kungwi aliyemzidi umri, akilalamika mpaka koo linakauka. Ijumaa alifunga mlango, akajilalia.

Ijumaa moja Mfaume akabisha.

“Bi Siwema hayupo,” ikajibu sauti ya ndani.

“Mbona nakusikia, somo?”

“Unamsikia akikwambia hayupo. Njoo kesho. Na mkeo Swaumu, umemwosha miguu juma hili?”

Mfaume akaondoka, akapitia dukani kununua udi.