Visu Arobaini na Kimoja, na Hakuna cha Kukatia Tikiti

Kila neno katika habari hii ni kweli tupu. Mwandishi ameapa hivyo mbele ya mke wa mnoa visu, mama asiyepokea kiapo kikavu. "Watu wa magazeti mnaapa kama mnavyopiga chafya," alisema. "Weka rehani." Mwandishi akaweka kisu chake cha kufungulia barua, chenye mpini wa pembe ya ng'ombe uliochongwa kichwa cha korongo. Alizawadiwa siku ya kustaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kugonga mihuri kwenye bahasha. Ukipatikana uongo mmoja tu, kisu hakirudi.

Basi tuanze.

Saa moja asubuhi, kwenye kona kati ya bucha na duka la vitambaa, mnoa visu anaisimamisha baiskeli yake kwenye stendi, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Anapanda na kuanza kukanyaga. Haendi popote. Mkanda wa mpira unazungusha jiwe lililofungwa mbele ya usukani, na cheche zinamrukia mpaka ndevuni. Ndiyo maana wateja wanamwita Cheche.

"Kwa hesabu yangu nimeshaizunguka dunia mara mbili," anasema bila kusimama, "na bado naliona bucha lile lile."

Siku nzuri ananoa visu thelathini na mikasi michache. Siku ya mvua anashukuru akipata vinane, na hapo pato lote linaishia kwenye sukari na sabuni. Lakini kwa ukali hana mpinzani. Mwenye bucha anasema kisu kikitoka kwa Cheche hukigusishi nyama. Unaionyesha tu, nayo inajigawa yenyewe kwa woga. Kuna mama alikata kitunguu asubuhi, kitunguu chenyewe kikaja kujua jioni, ndipo kikamtoa machozi.

Nyumbani kwa Cheche, hata hivyo, mganga hajigangi.

"Wanasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama," mkewe anasema, akiisukuma nyanya kwa kisu cha jikoni kilichochoka. "Mimi nimeolewa na mwenye visu arobaini na kimoja, na tazama, nyanya inanishinda."

Hivyo arobaini na kimoja viko sebuleni, kila kimoja na misumari yake, ukuta mzima. Kuna chenye mpini wa shaba uliosukwa kama mkeka. Kuna ambacho ala yake ya ngozi imetobolewa nyota nyota. Kuna kimoja kidogo kama kidole, na mpini wake ni mwanamke aliyejitwika mtungi. Cha katikati anakiita Bibi Harusi. Bapa lake limechorwa majani yanayotambaa kutoka ncha hadi mpini, na ukiyahesabu hupati jibu moja mara mbili.

Vingi alivitoa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye huuza kwa mizani. "Kule kilo ya uzuri ni bei moja na kilo ya misumari iliyopinda," Cheche anasema. "Bibi Harusi nilimkuta kwenye ndoo, kalala na bawaba za milango. Nilikuwa na pesa ya viatu. Nikarudi nyumbani pekupeku, yeye kwapani. Mke wangu hakunisemesha siku tatu."

"Nne," mkewe anasahihisha kutoka jikoni.

Visu hivi hajawahi kuvinoa, na hataki kusikia habari hiyo.

"Jiwe linakula, bwana. Kila ukinoa, kisu kinapungua. Miaka ishirini na sita navila visu vya watu kidogo kidogo. Hivi sitavila."

Ndivyo mwandishi alivyomfahamu. Alimpelekea kile kisu cha barua kinolewe. Cheche akakataa, akapapasa shingo ya korongo kwa kidole gumba, kisha akakirudisha polepole, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Mwaka huu, visu vyote nusura virudi kwenye ndoo.

Binti yao wa pekee, anayeuza vitabu vya shule, alipata mchumba. Wazazi wa kijana wakatuma habari kwamba watakuja Jumapili. Mama akatazama ukuta, akatoa hukumu.

"Nani atamwacha mwanawe aoe kwenye nyumba yenye silaha za kikosi kizima? Vishuke. Na uchumba huu ukivunjika kwa sababu ya visu, Jumatatu vinakwenda kwenye mizani. Vyote! Huyo Bibi Harusi wako ndiye atatangulia."

Jumamosi jioni umeme ulikuwa umekatika. Wakavishusha kwa mwanga wa mshumaa, wakavifunga kwenye shuka, wakavipeleka kwa jirani yao, fundi saa. Mama, kwa kutaka usalama kamili, akatumbukiza na vile vya jikoni.

Jumapili wageni wakafika. Baba wa kijana ni fundi cherehani, mtu anayevaa tepu ya kupimia shingoni hata siku ya mapumziko. Mkewe alibeba tikiti maji la ukubwa wa mtoto anayetambaa. Upande wa binti ulipungukiwa mzee mmoja, kwa hiyo mwandishi akaazimwa, akaketi pembeni na kutikisa kichwa kila palipohitajika busara.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mama alipovuta pazia ili wageni wapate hewa. Jua likaingia. Cheche akatazama ukuta.

Ukuta ule ulipakwa rangi ya samawati zamani. Miaka ya moshi na vumbi ilikuwa imeugeuza rangi ya chai, isipokuwa pale visu vilipokuwa vimening'inia. Sasa palibaki maumbo arobaini na moja ya samawati safi, kila moja na ncha yake. Nusu yake yalikuwa yameelekea vichwa vya wageni.

"Tulipasue tikiti?" akauliza mama wa kijana. "Tupatieni kisu."

Mama akageukia jikoni, akaikumbuka ile shuka.

"Visu... vimekwenda kunolewa," akasema mke wa Cheche.

"Kwa nani? Mnoa visu si ndiye huyu tumekaa naye?"

Fundi cherehani alikuwa ameshageuka. "Mzee mwenzangu, hapa ukutani palikuwa na nini?"

"Samaki," Cheche akajibu upesi. "Picha za samaki. Nyumba hii tunapenda sana samaki."

Fundi akainuka. Akaweka kidole kwenye umbo la katikati, akalifuata ukingoni taratibu, kama anayepitisha chaki juu ya kitambaa. Akafika chini, akasimama.

"Nimekata maumbo miaka thelathini, mzee mwenzangu," akasema. "Samaki huyu ana mpini."

Binti akajifunika uso. Mama akamtazama mumewe kwa jicho ambalo ndani yake ungeweza kuona mizani ya vyuma chakavu ikining'inia. Cheche akasimama, mikono imekosa pa kukaa.

"Ni visu," akasema. "Arobaini na kimoja. Niliona haya kuwaonyesha, na sasa naona haya zaidi kwa kuwadanganya. Kosa ni langu. Binti yangu msimhesabie."

"Vimemkata nani?" mama wa kijana akauliza, akilivuta tikiti karibu.

"Hakuna mtu. Havijakata hata kitunguu."

"Sasa visu gani hivyo?"

"Vya kutazama, mama."

Fundi cherehani akavuta tepu yake huku na huku shingoni. "Mimi nina vitambaa kabatini," akasema, "ambavyo sitavitia mkasi mpaka naingia kaburini."

"Nimelala navyo chumba kimoja miaka kumi na tisa," mkewe akadakia. "Kama mke mwenza."

"Vilete," akasema fundi.

Shuka ikaletwa. Fundi akavirudisha mwenyewe, kimoja kimoja, kila kisu juu ya umbo lake, na hakukosea hata kimoja. Alipobakiza Bibi Harusi, binti akanyoosha mkono. "Baba, leo tu. Tukatie tikiti."

Cheche akafumba macho. "Haya, mwanangu."

Bibi Harusi aliteleza juu ya ganda kama kijiko. Akajaribiwa tena, akateleza tena. Wote wakaangua kicheko, Cheche akafumbua macho na kucheka kuliko wote, kwa raha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Mwishowe fundi cherehani akalipasua tikiti kwa kiwiko. Mbegu moja mpaka leo iko darini. Watu wakala. Mwandishi, kwa kuwa ni mtu wa kiasi, alikula kipande kimoja tu.

Uchumba ukapita. Jumatatu mizani haikupata kitu.

Ukimuuliza Cheche anataka nini sasa, hafikirii sana. "Nataka Jumamosi niwe nafungua mlango, watoto wa shule waingie watazame bure. Wajue chuma nacho kinaweza kukaa tu kikapendeza, bila kumkata mtu." Kisha anautazama msumari mtupu juu ya mlango. "Na nakosa cha pembe. Sina hata kimoja cha pembe."

Kabla ya kwenda gazetini, habari hii ilisomwa mbele ya mkewe. Alisikiliza amekunja mikono. Ya nyama ya bucha akasema, "Sifa za kazi, pita." Ya kitunguu akaguna, akaipitisha. Ya tikiti akainua kidole.

"Rudia hapo."

"'Mwandishi, kwa kuwa ni mtu wa kiasi, alikula kipande kimoja tu.'"

"Shemeji! Vitano. Nilihesabu. Na cha sita ulikifunga kwenye leso, ukasema unampelekea mgonjwa."

"Mgonjwa gani?" akauliza Cheche.

Mwandishi hana mgonjwa.

Mama akaitoa rehani, kisu cha korongo, mfukoni mwake. Cheche akakipokea kwa mikono miwili, akapanda kwenye kiti, akakitundika juu ya mlango. Kilikaa sawasawa, kana kwamba pamepimwa.

"Msumari huu uliugonga lini?" mwandishi akauliza.

"Siku ile uliyoniletea ninoe," Cheche akajibu, akishuka. "Nilijua tu, bwana. Mtu mwenye mdomo kama wako hawezi kumaliza mwaka na kisu chake."