Nilijipaka ulanga nionekane nina afya, jua la Same likaniumbua

Wakuu, nawasalimu. Walionizidi umri shikamooni, waliobaki marahaba kabla hamjanisalimia. Nadhani karibu wote mtaangukia kwenye marahaba.

Haya ninayoandika yalinitokea mimi mwenyewe. Mdogo wangu Nakijwa yuko hai na ana simu. Nikiongeza chumvi atakuja hapa chini kunisahihisha, ndivyo alivyo.

Juzi nimesoma uzi wa binti mmoja anayeanza kujipamba. Anauliza apake vipi highlighter uso ung'ae kwa asili, maana kila akipaka anatoka kama bati jipya. Watu wamemcheka sana.

Mimi sikucheka. Niliwahi kuwa hilo bati.

Mjukuu wa Nakijwa ana kikopo cha kitu hicho. Nikamwomba anisomee kimetengenezwa kwa nini. Akataja majina marefu marefu, akafika kwenye mica. Nikauliza ndiyo nini hiyo. Akanitafutia picha, na mimi nikavaa miwani.

Ulanga. Yale yale mawe ya kijitoni kwetu, yanayobanduka tabaka tabaka kama maganda ya kitunguu na kumeta juani.

Sasa nisikilizeni.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Tulikaa mlimani juu ya Same, upande wa Vudee. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla mwaka haujageuka. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa na miaka kama kumi na sita. Shule nilikuwa nimeshaiacha darasa la nne, mama alipoanza kuugua. Nyuma yangu alikuwapo Nakijwa wa miaka tisa, na Elia wa sita.

Ukoo ulikaa, ukakubali tubaki wenyewe msimu mmoja, tuonekane kama tunaweza.

Baba mdogo alikuwa na mashamba ya mpunga Kihurio, akamtaka Elia akaamie ndege, awafukuze wasile mpunga. Shangazi aliolewa Msangeni, binti yake alikuwa amejifungua, ikasemwa Nakijwa angefaa kubeba mtoto. Mimi nilionekana nimefika umri wa kuolewa. Tukishindwa, kila mtu alikuwa na mahali pake, ila si mahali pamoja.

Siwalaumu hadi leo. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa wanagawana mzigo.

Mimi sikutaka tugawanywe. Mama aliniachia neno moja tu, kwamba wale watoto wasilale nyumba mbili.

Msimu ulipoisha, ujumbe ukapanda mlima na mama mmoja aliyetoka sokoni. Siku ya soko inayofuata tushuke Same, kwa ndugu yetu mmoja aliyekaa karibu na stesheni. Ukoo utakuwepo. "Na shangazi yenu amesema atawatazama kwa macho yake," yule mama akaniambia. "Atakayemkuta amepauka anaondoka naye."

Vijana wa sasa niwaeleze hapa. Kwetu ngozi ndiyo ilikuwa barua ya nyumba. Mtu anayeng'aa, kwao kuna mafuta, na penye mafuta kuna chakula. Mtu aliyepauka, mwenye miguu ya kijivu kama amekanyaga majivu, nyumba yake imemsema kabla hajafungua mdomo.

Mafuta yetu yalikuwa ya nyonyo. Unakaanga mbegu, unatwanga, unachemsha, unaengua. Kazi ya siku nzima, na harufu yake inakufuata kanisani. Mwaka huo nyonyo zetu zilikuwa bado mbichi. Nyumbani kulibaki kibuyu kimoja, mafuta yako chini kabisa, unatikisa ndipo unayasikia.

Alfajiri ya siku yenyewe nikaanza na Elia. Magoti ya Elia yalikunywa mafuta kama udongo wa tambarare unavyokunywa mvua ya kwanza. Nikapaka, yakapotea. Nikarudia. Nikaenda kwa Nakijwa, viwiko, shingo, nyuma ya masikio, maana shangazi ni mtu wa kuangalia nyuma ya masikio.

Nilipomaliza, kwenye kibuyu kulibaki mafuta ya kidole kimoja.

Na mimi ndiye niliyekuwa nimepauka kuliko wote. Msimu mzima nilikuwa shambani, jikoni, kwa mbuzi. Uso wangu ulikuwa kama jiwe la kusagia.

Ndipo nikakumbuka ulanga. Wasichana tulikuwa tukienda kuchota maji tunajisugua nao mikononi, tunachekana, tunajiita wake za watawala. Nikachukua vipande nilivyookota, nikasaga, nikachekecha kwenye kitambaa chembamba. Ukatoka unga laini, unameta hata gizani karibu na moto.

Mafuta yangu ya kidole kimoja nikayaweka kwenye mifupa ya mashavu. Juu yake nikapaka ulanga.

Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo yule binti wa juzi anapokosea.

Kosa la kwanza, nilipakia jikoni. Jiko letu halikuwa na dirisha, kulikuwa na moto na moshi tu. Kwa mwanga ule ulanga ulionekana kidogo mno, nikaongeza. Nikaongeza tena.

Kosa la pili, kioo. Mama alituachia kipande kilichovunjika, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Unaona shavu moja kwa wakati mmoja. Nikipaka la kulia, la kushoto linaonekana limezidiwa. Nikilifikia la kushoto, la kulia limebaki nyuma. Uso mzima sikuuona hata mara moja.

Nikamwita Nakijwa anitazame.

"Dada umependeza," akasema. "Unafanana na mtu aliyekula nyama."

Tukatoka. Mlimani kulikuwa na ukungu mzito, na ndani ya ukungu kweli nilikuwa sawa. Majirani tuliokutana nao walinisalimia vizuri. Mmoja akaniambia nimenawiri. Nikashuka mlima kichwa juu.

Anayeijua njia ile anajua kinachofuata. Unashuka, unashuka, mahali fulani ukungu unaisha kama umekatwa kwa panga, na chini Same inakungoja na jua lake. Jua la Same halina aibu. Linaangalia kila kitu.

Elia ndiye aliyeanza. Alikuwa ametangulia, akageuka kuniuliza kitu, akasimama akafumba jicho moja.

"Dada, uso wako unawaka."

Nikadhani ni maneno ya mtoto. Kufika tambarare jasho likaanza, na jasho likaukokota ulanga kutoka mashavuni. Ukashuka taya, ukashuka shingo, ukaingia kwenye kola ya gauni. Sikuwa na habari. Niliona tu watu wananipisha njia.

Sokoni tukapita kwa mama mmoja aliyeuza samaki wa ziwa Jipe. Akaniangalia, akaangalia kapu lake, akawaambia wenzake, "Jamani, huyu ni wa kwangu, ameruka kutoka kapuni."

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Nakijwa naye akacheka, nikamfinya, akaendelea kucheka.

Nikajifuta kwa kiganja. Msifanye hivyo kamwe. Sasa na kiganja kikang'aa.

Maji ya kunawa sikuyaona, na kwa ndugu yetu tulikuwa tumeshafika. Ukoo umekaa uani. Baba mdogo aliponiona akaweka mkono juu ya macho.

"Binti, hebu geuka kidogo, unatuchoma."

Uani wakacheka. Nilikuwa nimesimama pale na watoto wawili, mmoja kila mkono, na kila mtu anacheka, nikajua nimewapoteza. Huyu anayejipaka vitu usoni ndiye aachiwe watoto?

Shangazi peke yake hakucheka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

Akamvuta Elia katikati ya magoti yake, akapitisha kidole gumba kwenye muundi, akakinusa kidole. Akamwita Nakijwa. Viwiko. Shingo. Nyuma ya masikio, kama nilivyojua.

Kisha akainuka akaja kwangu. Akachovya ncha ya kanga kwenye kata ya maji, akanifuta uso, taratibu, kama mtu anayepangusa meza ya mwenzake. Ulanga ukatoka. Chini yake akaukuta uso wangu halisi, umepauka, midomo imepasuka. Akashika mkono wangu, akaugeuza, akautazama kiganja na juu yake.

"Mafuta ya nyumba yako yako wapi?"

"Kwa watoto, shangazi."

"Na wewe?"

"Mimi nimepaka mawe."

Baba mdogo akacheka tena, akakuta anacheka peke yake.

Shangazi akarudi kukaa. "Mliniita nitazame kama huyu anaweza kulea," akawaambia. "Nimetazama."

"Na ndege wangu wa mpunga?" baba mdogo akauliza.

"Wafukuze mwenyewe, kaka. Sauti unayo, tumeisikia sasa hivi."

"Na mtoto wa binti yako?"

"Ana bibi. Bibi yake amekaa hapa."

Yakaisha hivyo wakuu. Tulikula wali, Elia akasinzia na tonge mkononi, na jioni haijafika tukawa tunapanda mlima watu watatu, kama tulivyoshuka.

Baada ya mavuno shangazi akatuma vibuyu viwili kutoka Msangeni, kikubwa na kidogo. Aliyevileta alikuwa na maneno ya kusema, akayasema kama alivyoagizwa. "Kikubwa cha watoto. Kidogo chako. Siku nikija nitakugusa shavu, nikikuta umewapaka wao mafuta ya kile kidogo chako, watoto naondoka nao."

Nikajipaka, nifanyeje.

Ulanga niliugusa tena mara moja tu, siku ya harusi ya Nakijwa. Safari hiyo nilimtoa nje mlangoni, juani. Mafuta kwanza, nikaacha yaingie ngozini. Kisha ulanga wa kugusa tu na ncha ya kidole, kwenye mfupa wa shavu, si shavu zima, nikausambaza hadi mimi mwenyewe nisijue umeanzia wapi. Nikarudi nyuma hatua kumi nikamwangalia uso mzima. Watu kanisani hawakusema bibi harusi amepakwa kitu. Walisema amelala vizuri.

Basi binti wa juzi, hilo ndilo jibu lako. Toka nje, paka kidogo, rudi nyuma uangalie. Ila ulanga wa kusaga mwenyewe usiuige, tumia cha kikopo. Ule wangu uliniingia jichoni njiani na nililia hadi Same, sehemu hiyo niliificha hapo juu.

Na uso uliokauka haung'arishwi na chochote cha juu. Mwenye watu wa kuwapaka mafuta, awapake, lakini ajibakizie zaidi ya kidole kimoja.

Sasa nanyi semeni. Kwenu ni nani aliyewang'arisha wengine, yeye akabaki amepauka? Kama yuko hai, umemgusa shavu lini? Andikeni hapa chini, nitasoma yote, polepole. Nakijwa, wewe subiri wenzako watangulie.