Usianike Godoro la Mtoto Barabarani

Ipo siku moja ya Ramadhani ambayo ikinijia kichwani siwezi kukaa. Nasimama, natembea, nashika hiki, naacha kile. Leo imenijia tena, mwanangu Issa, na wewe ndiye uliyeileta. Nilipita kwako Gihosha asubuhi kukusalimu, na kabla sijagonga geti nikaona godoro dogo limeegemezwa ukutani, upande wa barabara, lina duara la maji katikati. Nikajua ni la Rehema, mjukuu wangu. Nililibeba mwenyewe nikalipeleka nyuma ya nyumba, ndipo nikaingia kwako. Chai yako niliinywa nusu nikasimama, ukaniuliza, "Mzee, mbona haraka hivi?" Sikukujibu kwa sababu mtoto alikuwa hapo anasikia. Sasa nakujibu. Na wewe mwingine unayesoma, kama una mtoto mdogo nyumbani, sogea usikilize.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na sioni haya kusema. Kushona nilijifunza kwa kutazama. Nilipofika miaka ishirini na sita nilikuwa na karakana yangu mtaa wa Buyenzi, jina langu limeandikwa juu ya mlango. Viti vya teksi, viti vya mabasi, makochi ya wakubwa wa Kinanira, magodoro, yote yalipita mikononi mwangu. Wenye maduka ya vitambaa kule Asiatique waliniita patron, yaani bosi, nikiwa bado sina ndevu za kutosha. Lakini mtu aliyejijenga mwenyewe ana ugonjwa wake. Anadhani kila kitu kinanyooka ukikivuta kwa nguvu, kama ngozi ya kiti.

Dada yako Zuhura alikuwa na miaka minne. Nepi aliziacha kabla hajatimiza mitatu, na mimi nikajisifu mtaa mzima kana kwamba nilimshona kwa mkono wangu. Halafu ukazaliwa wewe. Wiki ya pili Zuhura akaamka amelowa. Siku nne kavu, kisha tena. Wiki nzima kavu, kisha tena. Mama yenu akaniambia, "Mutoto ameona mugeni mu nyumba. Umuache, itapita."

Nikamwambia itapita haraka zaidi ikisukumwa.

Nikalichukua godoro nikaliegemeza mbele ya karakana, juu ya viti vya teksi, mahali ambapo Buyenzi yote inapita. Zuhura nikamsimamisha kando yake mpaka likauke. Hayo niliyaona kwa baba yangu na kwa majirani. Wengine walimbebesha mtoto godoro kichwani wakamzungusha mtaani, kwa hiyo mimi nilijiona mpole. Fundi mmoja wa injini akapita akasema, "Patron, hii godoro ni ya mutoto ama ni ya kwako?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Zuhura aliangalia viatu vyake. Watoto wa mtaa wakaanza kumwita Kikojozi, na siku moja, tukiwa tunakula, jina hilo likanitoka mimi mwenyewe.

Mara ya tatu sikuhitaji kumwita. Alikwenda peke yake, akasimama pale pale. Nikaona hiyo ndiyo adabu.

Ramadhani ikaingia, na jua la mwaka ule halikuwa na mchezo. Siku ya tatu, mama yenu akampa Zuhura kikombe cha maji mchana, akakisukuma. "Apana. Mi nafunga."

Mwanangu, nilivimba kwa fahari. Mtoto wa miaka minne, hata mwaka wa kwanza wa shule ya watoto hajaumaliza, na anafunga. Alikula uji asubuhi kidogo, baada ya hapo maji hayagusi. Nilimpeleka msikitini nimemshika mkono, wazee wakampa tende, wakamwekea mkono kichwani. Kila aliyeleta kiti kushonwa nilimsimulia. Na wiki ile kitanda kilikuwa kikavu. Nikamwambia mama yenu, "Unaona? Barabara imemufundisha."

Jioni, wakati wa kufuturu, Zuhura alichukua tende yake na kukiweka kikombe cha maji pembeni. Nilimuona kwa macho yangu haya. Nilikuwa nawasimulia wageni jinsi anavyofunga, sikupata nafasi ya kujiuliza mbona maji yamebaki.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Ilikuwa baada ya adhuhuri, niko kwenye cherehani. Akaja Mama Furaha. Huyo alikuwa jirani yetu aliyetoka Uvira, mlokole, anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na sauti yake ilifika mahali kabla yake.

"Baba Zuhura, acha iyo mashini kidogo."

"Mama, niko na kazi."

"Kazi itabaki. Huyu mutoto hafungi."

Nikacheka. "Na we Mama Furaha umekuwa shehe tangu lini?"

"Mi si shehe. Mi nakula naye. Jana nimemupatia muhogo, akakula yote, akalamba na vidole. Nikamupatia maji, akakataa. Mutu anafunga maji na hafungi muhogo, iyo ni dini gani?" Watu wa karakana walianza kucheka, lakini yeye hakucheka. Akainama karibu na sikio langu. "Nikamuuliza, mbona hunywi, mama? Akaniambia maji inatokea mu kitanda, na Papa anaiweka mu barabara."

Mguu wangu ukaacha kukanyaga cherehani.

Zuhura alikuwa nyuma ya karakana, amelala juu ya rundo la sponji. Tangu saa nne alikuwa hapo. Nilipita karibu yake mara tatu nikasema moyoni, amechoka na saumu. Nilipomgeuza, midomo ilikuwa imepasuka na macho yamezama. Nilimwita, akafungua jicho, akalifunga. Mama yenu akaja mbio, wewe mgongoni, akasema tangu jana hajaenda chooni, na jana alipokwenda alilia kwamba inachoma. "Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. Akanijibu, "Alinisihi nisikuambie."

Nilimbeba nikakimbia. Teksi nilizozishonea viti zilijaa barabara nzima, nami nikakimbia kwa miguu kama kichaa, mpaka dereva mmoja akanikamata bega akanisukuma ndani. Njia nzima nilikuwa nampigapiga mashavu na kulitaja jina lake.

Kwenye kituo cha afya walimtundikia maji ya mshipa. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, na nilikuwa tayari kumuonyesha mimi ni nani mtaani. Hakunipa nafasi. Alisema mtoto amekaukiwa maji, na mkojo wake una vidudu, ndiyo maana unachoma. Huenda hata kulowesha kuliletwa na vidudu hivyo, au na mtoto mchanga, au hakukuletwa na chochote, maana wa umri ule hulowesha mara mojamoja hata akiwa mzima. Akaniuliza nilifanya nini nyumbani. Nikamwambia. Alimaliza kuandika, akainua macho.

"Papa, yeye alikuwa amelala. Ulitaka afanye nini?"

Mimi ninayejua kujibu kila mtu, nilirudi nikakaa kando ya kitanda cha mtoto.

Alasiri Zuhura akafungua macho vizuri. Daktari akaleta kikombe cha maji yenye sukari na chumvi, akasema lazima anywe mwenyewe, kidogo kidogo, la sivyo atabaki na sindano. Zuhura alikishika kikombe kwa mikono miwili, na badala ya kukiangalia, akaniangalia mimi. Midomo imepasuka, koo limekauka, na bado anaomba ruhusa kwangu. Nikasema kunywa. Hakunywa. Nikasema tena. Akatikisa kichwa.

Nilichukua kile kikombe nikanywa mimi kwanza, mafunda mawili makubwa, mbele yake, jua bado liko juu, nami nimefunga. Wapo wazee walionilaumu baadaye. Siku yangu niliilipa baada ya Idi. Nilipomrudishia kikombe, alinitazama koo, akaona maji yameshuka, na hakuna aliyenipeleka barabarani. Ndipo akanywa.

Alipona. Alipotumia dawa zake alilowesha mara mbili tatu tena, na hatukusema kitu. Ikaisha, hata siku ya mwisho hatukuijua. Leo ni mke wa mtu, lakini mpaka sasa akija kwangu nikimmiminia maji, huniangalia kidogo kabla hajanywa. Yeye hajui kama anafanya hivyo. Mimi najua.

Kwa hiyo, Issa, nakuambia bila kuzunguka. Mtoto anayekojoa kitandani mara mojamoja hajakukosea. Usimpige, usimcheke, usimlinganishe na wa jirani, na lile jina lisitoke kinywani mwako hata kwa utani. Mchana mpe maji anavyotaka. Chai na soda za jioni punguza, na umpeleke chooni kabla hajalala. Choo chenu cha Gihosha kiko mbali na chumba chake, na taa ya ukumbini haiwaki, nimeona. Mwekee poti karibu na kitanda. Akilowa, mbadilishie nguo, mwambie imelowa tutafua, basi. Akitaka kukusaidia kubeba shuka, mwache abebe, ila isiwe adhabu. Akisema inachoma, au ana homa, au anapata choo kigumu, au anakunywa maji kupita kawaida yake, au ameanza kulowesha kila siku ilhali zamani alikuwa kavu, mpeleke kwa daktari na usione haya. Na ujiulize ni kitu gani kimebadilika nyumbani. Mmehama Buyenzi mwezi uliopita. Alizoea kulala na bibi yake, sasa mmemweka chumba chake peke yake. Umemuuliza kama anaogopa? Hujamuuliza. Wewe ni mwanangu, nakujua.

Jambo moja linanichoma zaidi. Miaka yote ile nilifunika viti vya teksi kwa plastiki, abiria nisiowajua wasivichafue, na sikumkatia binti yangu hata kipande kimoja cha kuweka chini ya shuka. Leo nimekata. Ni shitingi nzuri, ile plastiki ngumu ya kufunikia mizigo, nimeikunja pindo pande zote nne na kuishonea kitambaa juu isimkwaruze. Kesho asubuhi nitaileta. Nikikuta godoro liko barabarani, nitasimama kando yake mimi, na kila apitaye nitamwambia ni la kwangu.

Mungu akupe, mwanangu, mkono mwepesi na subira ambayo mimi sikumpa dada yako. Aijaze nyumba yako mpya watoto wanaokunywa maji bila kukuangalia usoni. Na Rehema wetu alale bila hofu, na kila asubuhi, awe mkavu awe amelowa, aamke akiitwa Rehema.