Mchumba Wangu Alikula Michembe kwa Kabula

Jina la aliyetuandikia tunalo sisi, na halitatoka humu. Majina ya watu ameyabadilisha mwenyewe.

Ndugu wasomaji, mimi ni msichana wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa upande wa Nkololo. Nilisoma shule ya wasichana ya misheni, nikafundishwa kupiga chapa, na sasa nafanya kazi hiyo katika ofisi ya baraza letu. Nimechumbiwa na bwana shamba wa eneo letu, nitamwita Masanja. Ng'ombe wa mahari bado hawajafika kwetu, lakini wazee wameshasemezana.

Kazi yake mnaijua. Anakagua kama kila mtu amelima kwa matuta na amepanda muhogo wa akiba ya njaa, na asiyetimiza anapelekwa barazani. Tena kazi hiyo ina sharti moja linalotukera Wasukuma: anayekagua shamba la mtu asile chakula cha mtu huyo. Kwetu mgeni akiondoka bila kunawa mikono na kula, ni kama amekuja na ugomvi moyoni. Wakaguzi wengine wakisikia jogoo analia nyuma ya nyumba hulisahau sharti hilo. Masanja hakulisahau. Nilimpenda kwa hilo kabla sijampenda kwa sura yake, na nilitembea ofisini kama mtu aliyeshika kitu ambacho wenzake hawana.

Msimu huu alifika kumkagua mama yangu. Mama ni mjane, mgongo unamsumbua, akawa amelima nusu kwa matuta na nusu sesa, ardhi tambarare tu. Alichinja jogoo akapika ugali wa mtama. Masanja akabaki amesimama uani na kofia yake mkononi. "Mayu, leo nipo kazini," alisema. Hata maji hakuyagusa. Kisha akampeleka barazani, mama akatozwa faini, akauza mtamba wake wa pekee. "Mkwe gani huyu anayeogopa ugali wangu?" mama aliniuliza huku analia. Nami, niliyesoma, nilimtetea Masanja! Nikamwambia mama kwamba sheria haina mkwe. Mama akaingia ndani.

Basi majuzi tarishi wetu, mzee anayependa utani, aliniinamia mezani. "Binti, bwana shamba wako siku hizi ananawa mikono."

"Ananawa wapi?"

"Njia ya Shishiyu, kwa Kabula. Kakaa kwenye kigoda kabisa, miguu kainyoosha."

Kabula ni mwanamke aliyeachwa na mumewe, ana watoto wadogo, na ni mzuri, sitaki kulificha hilo. Tangu siku ile sikulala vizuri. Nilikuwa napiga chapa huku naona vidole vya Masanja ndani ya sahani ya mwanamke mwingine. Jumapili nilimwambia mama naenda kanisani, nikapanda baiskeli nikaenda kwa Kabula.

"Mwadila, dada wa ofisini," alinisalimu, akaendelea kupeta karanga. "Umekuja kukagua shamba au kunikagua mimi?"

Nilimuuliza kama ni kweli Masanja alikula kwake. Akacheka. "Michembe na karanga tu, dada, viazi vikavu. Sikuchinja hata kifaranga. Akamaliza, akaomba maji." Nilipoinua macho ndipo nikaliona shamba lake. Lilikuwa sesa lote, hakuna tuta hata moja. Na jina lake halikuwahi kufika barazani. Ningeliona, maana hati za wito zote napiga mimi.

Jioni nilimkabili Masanja. "Ulikula nini kwa Kabula?" Hakukana. Alisema alimkuta ana chakula kile tu, watoto wamezunguka, naye Kabula akawagawia kisha akamkatia Masanja fungu. "Ningelisukumaje? Na nikishakula, ningempelekaje barazani? Atatoa nini, yule? Nilimpa muda."

"Na mama yangu?"

"Mama yako ana wewe. Na nisingempeleka, kijiji kizima kingesema nimemwacha kwa sababu yako."

Nikamwita mnafiki. Ndipo akasema neno ambalo bado linanichoma: "Ingekuwa haki inayokuuma, ungeniuliza kwanza habari za shamba. Umeniuliza habari za michembe."

Wasomaji, Masanja amependekezwa kuwa mkubwa wa mabwana shamba wote wa hapa. Ijumaa katibu wa baraza atatukusanya watumishi na kutuuliza mmoja mmoja kama kuna anayejua doa lolote juu yake. Ndiyo desturi ya ofisi yetu, na mtumishi huapa kwamba hasemi kwa chuki wala kwa upendeleo. Nikisema, atafukuzwa, uchumba utakufa, na Kabula ataburutwa barazani na watoto wake. Nikinyamaza, nitakuwa nimeapa uongo, na mtamba wa mama utakuwa umeuzwa kwa sheria inayomtazama mtu usoni.

Nimejipima moyo, na nilichokikuta kimenitisha. Kama Masanja angekaa kwetu pia, akanawa, akala jogoo wa mama na kutuachia shamba letu, mimi ningenyamaza. Ningemwita mwema. Sitamani sheria iwe sawa kwa wote. Natamani angevunja sharti lake kwa ajili yangu, na alilivunja kwa ajili ya mwingine.

Sasa ninyi mlio mbali na moyo huu, niambieni: mtu mwenye wivu kama mimi anaweza kuapa kwamba hana chuki, kisha akasema kweli? Au ninyamaze, niolewe na mkubwa wa mabwana shamba, nimpikie kila siku huku nikijiuliza kama chakula changu kina ladha ya michembe ile? Nijibuni kabla ya Ijumaa.