Nguzo ya Sanduku la Leona Desrochers

"Theluji haina rangi ya chungwa, Elwin," Leona alisema, akalibwaga sanduku lake la barua juu ya meza ya halmashauri, katikati ya vikombe vya kahawa. Lilikuwa limepondeka kama kopo lililokanyagwa na ng'ombe. "Tazama hapa. Na hapa. Hiyo ni rangi ya lori la mji. Umelipiga wewe, usinidanganye."

Elwin Fifield hakutazama. Alikuwa ameegemea ukuta karibu na mlango, buti zikidondosha maji sakafuni. Ndivyo anavyohudhuria kila mkutano. Anasema viti vya ofisi ile vilitengenezewa watoto. Yeye ndiye anayeendesha lori la kuondoa theluji katika mji wetu, na amefanya hivyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Theluji ikisukumwa lazima iende mahali," alisema. "Ikikuta kisanduku kimekaa juu ya nguzo iliyooza, ndiyo hivyo tena."

"Iliyooza? Nguzo ya mwerezi ile. Aliichimbia Armand kwa mikono yake."

"Na Armand tulimzika lini, Bi Leona?"

"Usimtie marehemu mume wangu kwenye ujinga wako. Una deni langu la nguzo. Mwaka jana ulisema utalipa, mbele ya watu, na mpaka leo sijaona hata kijiti."

"Nguzo utapata. Nilikataa lini? Ardhi imeganda kama chuma, unataka niichimbie wapi, kwenye sufuria?"

Watu wawili watatu walicheka. Nilicheka na mimi, sioni haya kusema. Hapo ndipo Graydon Pell, mkuu wa halmashauri, alipogonga meza kwa kalamu. Pell alitoka jimbo la Connecticut alipostaafu, akajenga nyumba ya vioo kando ya bwawa, na hakukaa sana akaanza kutufundisha jinsi ya kuishi hapa.

"Mama," alisema, "tumekutana kwa ajili ya bajeti, si masanduku."

"Mimi si mama yako. Mama yako angekuambia uvue kofia ukiwa ndani ya nyumba."

Pell hakuvua kofia. Alitabasamu, na lile tabasamu sikulipenda. Wiki hiyo hiyo lilibandikwa kwenye mlango wa duka tangazo la mkutano mkuu wa mji, ule tunaoufanya kila Jumanne ya kwanza ya Machi, na swali la mwisho kabisa lilikuwa hili: je, mji uache kuondoa theluji kwenye Barabara ya Kettle, kuanzia ghala la Tarbox kwenda juu?

Juu ya ghala la Tarbox kuna nyumba moja tu.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Bila lori, barabara ile hufungwa kuanzia Novemba mpaka Aprili. Gari la mafuta ya kupashia nyumba joto halifiki, gari la wagonjwa halifiki, na mwanamke mwenye nyonga mbovu aliyepita sabini hashuki mlima ule kwa miguu. Pell mwenyewe alisema wazi pale dukani, akichagua ndizi, kwamba kuna nyumba nzuri sana za wazee huko bondeni, na kwamba angekuwa Leona angeshukuru.

Leona alizaliwa kwenye mlima ule. Aliolewa na kijana wa shamba la pili, akakamua ng'ombe asubuhi na jioni mpaka Armand alipoanguka zizini, ndipo akawauza ng'ombe. Watoto wake wako mbali, na nikisema ukweli, wamekaa mbali kwa hiari. Alibaki na jiko la kuni, paka mmoja mbaya wa sura, na malalamiko.

Malalamiko ndiyo yalikuwa mazao yake. Alilalamikia kengele ya kanisa kwamba inachelewa. Alilalamikia bendera ya shule kwamba imechakaa, na ilipobadilishwa akasema mpya ni ndogo. Mimi alinishitaki kwa halmashauri kwamba jogoo wangu anawika kwa makusudi. Aliandika hivyo hivyo, kwa makusudi, na ikasomwa mbele ya watu. Jogoo yule nilimfanya supu kwa sababu nyingine, lakini mpaka leo anaamini ni ushindi wake.

Lakini lililotuchosha zaidi lilikuwa lile la karatasi. Katika mkutano mkuu sisi hupiga kura kwa sauti: wanaokubali wanasema ndiyo, wanaokataa wanasema hapana, mwendesha mkutano anasikiliza upande upi umevuma zaidi, tunakwenda mbele. Ila sheria inasema wapiga kura saba wakisimama na kudai karatasi, lazima ipigwe kwa karatasi. Basi watu wote wajipange mstari, kila mmoja aandike, akunje, atumbukize sandukuni, halafu zihesabiwe huku maharage yanapoa jikoni. Leona aliidai kila mwaka. Kwa bajeti, kwa gari la zimamoto, kwa rangi ya mlango wa ukumbi. Na kila mwaka walipatikana sita wa kusimama naye, wengi wao wakiwa wakaidi wa mlimani kama yeye.

Vijana hudhani ni ubishi tu. Sisi wakubwa tunajua ulikotoka. Akiwa bi harusi mpya, mji ulipiga kura ya kuifunga shule ndogo ya mlimani. Aliyetaka ifungwe ni mtu mmoja ambaye ndiye aliyekuwa akisomba maziwa ya mashamba yote ya huko. Waliposema ndiyo, ukumbi mzima ulivuma. Waliposema hapana, ilisikika sauti moja, ya Leona. Asubuhi yake madebe yao ya maziwa yaliachwa barabarani, na ya kesho yake pia, mpaka yakaganda yakapasuka vifuniko. Armand alikwenda kuomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa kosa. Leona hakwenda. Ila tangu siku hiyo hajapenda kura inayosikika.

Siku ya mkutano ilifika, baridi kali, hata utomvu wa miti tunaouchemsha kuwa sukari ulikuwa haujaanza kutiririka, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na kisingizio cha kubaki nyumbani. Ukumbi ulijaa. Kila nyumba ilileta chungu chake. Nilikuwa jikoni napokea vyakula Leona alipoingia na pai yake ya nyama ya nguruwe, ile ya Kifaransa ya mama yake. Hakuna anayekiri kwamba anaipenda, na ndiyo huisha kwanza.

"Weka mbali na maharage yako," aliniambia. "Harufu inahama."

"Karibu, Bi Leona," nikasema. "Jogoo anakusalimia."

Akaniangalia, akapita.

Baada ya chakula, watu wakiwa wameshiba na wanapiga miayo, likafika swali la mwisho. Pell alisimama, akaeleza bei ya chumvi, bei ya dizeli, na jinsi lori linavyopanda mlima mzima kwa ajili ya mtu mmoja. Alisema neno busara mara nyingi. Mtu nyuma akasema, "Na mtu mwenyewe hata asante hana," watu wakacheka kicheko kile cha pamoja ambacho ukikisikia unajua umekwisha.

Leona aliinuka kwa kushika kiti cha mbele yake.

"Nimelipa kodi ya mji huu kabla huyu bwana hajajua mji huu uko wapi," alisema. "Nimelipia barabara yake ya kwenda bwawani iwekwe lami ili gari lake lisichafuke. Sikuomba asante. Mwendesha mkutano, nataka kura ya karatasi."

Ukumbi mzima uliguna. Lyle Tarbox ndiye aliyekuwa akiendesha mkutano, mtu mpole, mwenye lile ghala. Alivua miwani.

"Wanaodai karatasi wasimame."

Walisimama wazee wawili wa Hapgood, mume na mke, wameshikana mikono ili wasianguke. Wakasimama ndugu wawili wa Bouchard, ambao husimamia jambo lolote litakalomchelewesha Pell kurudi nyumbani. Akasimama mwanamke wa posta, akiangalia viatu vyake. Na Leona. Lyle alihesabu, akahesabu tena, akitumaini, nadhani, kwamba amekosea. Wengine waliozoea kusimama wako makaburini.

"Sita," alisema. "Samahani, Bi Leona. Ni sita."

Leona hakukaa. Hakugeuka pia kutafuta mtu. Nilimwona kwa pembeni kupitia dirisha la jikoni linaloangalia ukumbini, mkono bado umeshika kile kiti. Alijua, na kila mtu alijua, kwamba tukipiga kwa sauti pale hakuna atakayefungua mdomo kusema hapana kwa ajili yake. Nani anataka jirani asikie kwamba yuko upande wa Leona Desrochers? Leona angekuwa amehama mlimani kabla ya Krismasi.

"Basi tuendelee kwa sauti," Pell alisema.

"Nihesabu na mimi."

Ilitoka mlangoni. Elwin alikuwa ameegemea ukuta wake kama kawaida, kofia mkononi.

Lyle alimkazia macho. "Elwin, wewe husimama hapo kila mwaka. Waliosimama ukutani siwahesabu mpaka waseme."

"Si nimesema? Nihesabu. Saba."

Pell aligeuka mzima mzima. "Elwin, hili linakupunguzia kazi. Wewe ni mwajiriwa wa mji."

"Kesho asubuhi ni mwajiriwa. Sasa hivi ni mpiga kura."

"Huyu mama amekutukana kila majira ya baridi tangu nije hapa."

"Kabla hujaja pia," Elwin alisema. "Ananitukana vizuri kuliko wewe unavyonisifu. Halafu nina deni la nguzo kule juu, nimesema mbele ya watu kwamba nitalipa. Ukifunga barabara, nguzo nitaichimbia wapi, kwenye bwawa lako?"

Ndugu wa Bouchard walipiga miguu sakafuni kwa furaha.

"Sikumwomba," Leona alisema, bila kugeuka.

"Sikuombwa," Elwin akajibu. "Hesabu, Lyle, chai inapoa."

Tukajipanga mstari. Ulikuwa mstari mrefu na wa chuki, watu wanasukumana viwiko, mmoja akisema kwa sauti kwamba sasa ng'ombe wake watakamuliwa usiku kwa sababu ya Leona. Lakini niliona kitu. Kila aliyefika kwenye kile kimeza cha pembeni na kuinama na penseli, alinyamaza. Pale hakuna kucheka pamoja. Ni wewe na kikaratasi, na barabara yako mwenyewe, na miguu yako mwenyewe itakavyokuwa miaka kadhaa ijayo. Mimi nilichoandika sisemi. Ndiyo maana ya karatasi.

Hapana zilizidi kwa kura tisa. Lyle alisoma mara mbili kwa sababu Pell alidai. Hakuna aliyeshangilia. Watu walichukua vyungu vyao, wakawasha magari, na njiani kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba hakika si yeye aliyemwokoa yule mwanamke. Leona alikuja jikoni kuchukua sahani yake ya pai. Ilikuwa tupu.

"Nani kakwangua mpaka chini na kisu?" aliuliza. "Wameniharibia sahani."

Theluji ilinyesha tena mara kadhaa baada ya hapo, na lori lilipanda. Ikaja Aprili na matope yake, magari yanazama mpaka kwenye milango, na Leona akaiandikia halmashauri kuhusu matope. Mwezi wa Mei ardhi ilipolegea, nilikuwa kwake kudai bakuli langu alilolichukua kwa makosa siku ya mkutano, ingawa yeye alisema ni lake. Tukiwa bado tunavutana, lori la chungwa likapanda. Elwin alishuka na nguzo ya mwerezi begani, nguzo nene, imemenywa vizuri, na sanduku jipya la barua chini ya kwapa.

Hakusalimia. Alichimba. Leona alitoka akasimama juu yake na fimbo yake.

"Unaiweka mbali na barabara."

"Naiweka mahali ambapo haitapigwa."

"Nitatembea umbali huo wote kuchukua barua?"

"Utatembea. Nyonga inahitaji kazi."

"Imepinda."

"Macho yako ndiyo yamepinda, Bi Leona."

Alishindilia udongo kwa kisigino, akapigilia sanduku, akaufungua na kuufunga mlango wake mdogo ili aone unakaza. Leona alisogea. Aliisukuma nguzo kwa mkono mmoja, halafu kwa miwili, halafu akaiegemea kwa uzito wake wote. Haikutikisika.

Aliingia ndani, tukasikia makabati yanagongwa. Alirudi na lile sanduku la zamani lililopondeka, lenye alama za rangi ya chungwa, akamsukumia Elwin kifuani.

"Chukua. Hili na lile la mwaka jana nimeyasamehe. Hatudaiani."

Elwin alilitupa nyuma ya lori, likalia kwenye chuma. Alipowasha injini, Leona alinigeukia, akaniwekea bakuli mkononi.

"Na wewe beba hili uende," alisema. "Hata hivyo lina ufa."